Mchezo wa Nyumba Nzima

Kila Krismasi inapokaribia, swali hili hurudi katika jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba hapa Tanga. Wajukuu wanakuja kutoka Dar es Salaam na Arusha, binamu zao wanateremka kutoka Lushoto na Korogwe, na nyumba ya Ngamiani iliyozoea watu watano inajikuta na watu kumi na wanne. Magodoro yanatandikwa sebuleni. Watoto wakubwa wanataka gemu ya kwenye runinga, wadogo wanataka chochote wanachokitaka wakubwa, na bibi anataka wasigombane tu. Ndipo mzazi mmoja anauliza baada ya sala ya kufunga: "Jamani, tununue gemu gani ambayo familia nzima itacheza?"

Wapo wanaocheka wakisikia swali hilo katika jumuiya ya sala. Wanaona ni jambo la dukani. Sisi tunaona ni swali la imani, na tungependa kulijibu taratibu. Namna tunavyocheza nyumbani huonyesha wazi, pengine kuliko maneno yetu, ni nani tunayemhesabu kuwa mwenzetu na ni nani tunayemvumilia tu.

Tuanze na pingamizi la wale wanaosema kwamba Mkristo mwenye kazi hana muda wa michezo. Pingamizi hili si geni. Katika karne ya 13 Tomaso wa Akwino alilijadili katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, Summa Theologiae. Anakumbusha habari iliyosimuliwa na mababa wa kale kuhusu mzee Yohane Mwinjilisti, ambaye watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo akili ya mwanadamu, akasema Yohane. Tomaso anakwenda mbele zaidi: kucheza kupita kiasi ni kosa, lakini asiyecheza kamwe, na tena akawa mzigo kwa furaha ya wenzake, naye ana kasoro ya kurekebisha.

Nabii Zekaria anatupa picha nzuri kuliko hoja. Katika sura ya 8, anapoeleza Yerusalemu itakavyokuwa Mungu atakaporudi kukaa ndani yake, haanzi na majeshi wala majumba. Anaona wazee wa kiume na wa kike wameketi njiani, kila mmoja na mkongojo wake kwa ajili ya umri, na njia hizo hizo zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Tuangalie vizuri: wazee na watoto wako mahali pamoja, na wasichana wametajwa pamoja na wavulana. Mji uliopona, kwa macho ya nabii, ni mji ambamo mchezo unaendelea na hakuna aliyefukuzwa barabarani.

Kwa picha hiyo turudi Tanga. Watoto wetu wengi waliijua gemu kwenye banda kabla haijaingia nyumbani. Ukipita jioni mitaa kama Makorora au Mikanjuni unawasikia kabla ya kuwaona: runinga mbili tatu, mabenchi, pedi mbili kwa kila runinga, na vijana wanaolipia mechi ya mpira. Sheria ya banda ni moja, nayo kila mtu anaijua: anayefungwa anapisha. Ni sheria ya haki kwa mahali pake. Pedi ni mbili, vijana ni ishirini, na kila mmoja amekuja na shilingi zake. Bila sheria hiyo pangekuwa na ngumi.

Lakini sheria ya banda ikiletwa sebuleni hufanya kazi nyingine. Katika nyumba moja tuliyoitembelea wakati wa sikukuu, kijana wa miaka 15 alishika pedi tangu chai ya asubuhi. Baba yake alicheza mechi moja, akafungwa sita, akapisha akicheka, akarudi kwenye simu yake. Mama alijaribu, hakujua kitufe cha kupiga pasi, akakumbuka jikoni. Binamu wawili walipokezana hadi wakachoka kufungwa, wakatoka uani. Binti wa miaka 9 aliomba mara mbili, kisha akaacha kuomba. Bibi hakuitwa kabisa. Hakuna aliyegombana na hakuna aliyetukanwa. Ilipofika saa saba mchana kijana alikuwa anacheza na mashine peke yake. Familia ilikuwa imenunua gemu ya familia, ikapata tawi la banda.

Hatumlaumu kijana yule. Alicheza kwa sheria aliyoijua, na aliicheza vizuri. Jambo tunalolitaka ni kuona kwamba sheria za mchezo hufundisha hata pale ambapo hakuna anayefundisha. Zikisema anayefungwa anapisha, kila mmoja atajifunza baada ya siku mbili kwamba nafasi yake kwenye mkeka inategemea ushindi wake.

Kuna mfano wa zamani kidogo. Mchezo wa Monopoly, unaouzwa duniani kote, ulitanguliwa na mchezo wa mwanamke wa Kimarekani aliyeitwa Lizzie Magie, ambaye aliusajili mwaka 1904. Aliutunga ili kuonyesha madhara ya wachache kumiliki ardhi yote. Ubao wake ulikuwa na sheria za namna mbili. Kwa namna moja, mtu alishinda kwa kuwafilisi wengine. Kwa namna nyingine, mali ikiongezeka wote walinufaika. Ubao ulikuwa ule ule. Toleo lililoenea tangu miaka ya 1930 ni lile la kufilisi, na mpaka leo jioni ya Monopoly huishia kwa mtu mmoja kukusanya noti zote huku wenzake wamekwisha kwenda kulala. Basi anayechagua mchezo anachagua pia sheria ambazo watoto wake watazizoea bila kuzijadili.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wazazi wengi mtalitambua. Mdogo anapolia kwamba naye anataka kucheza, wakubwa wana dawa yao. Wanampa pedi ya tatu, ile ambayo haijaunganishwa na mashine. Mtoto anakaa katikati yao, anabonyeza vitufe kwa nguvu, anaangalia runinga, anaamini kwamba yule mchezaji anayekimbia pembeni ni yeye. Anafurahi. Wakubwa wanakonyezana. Amani imepatikana.

Je, kuna ubaya gani? Mtoto amefurahi, mchezo haukuharibika, na hakuna aliyepoteza kitu. Katika jumuiya tuliligeuza swali hili kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Wengine walisema ni huruma ya kawaida, kama kumpa mtoto sufuria tupu na mwiko wakati mama anapika. Lakini mtoto mwenye sufuria tupu anajua kwamba anaigiza, na mama naye anajua. Wote wawili wamo katika mchezo mmoja. Mtoto mwenye pedi isiyounganishwa anadhani yumo katika mchezo ambamo hayumo. Siku atakapoufuata waya kwa mkono wake na kuukuta mwisho wake uko chini ya kochi, hatalia kwa sababu ya gemu. Atalia kwa sababu muda wote ule walikuwa wakimcheka, naye alikuwa akifurahi pamoja nao.

Huruma ya namna hii inamwondolea mtu machozi kwa kumwondoa mtu mwenyewe. Inasema: furaha yako tunaitaka, ila wewe hatukuhitaji. Ndiyo maana tunaona kwamba hata kumwachia mtoto ashinde kwa siri, jambo ambalo wengi hulifanya kwa upendo, linahitaji kiasi. Mara moja moja, kwa mtoto mdogo sana, ni kama kumbembeleza. Likiwa desturi, linamfundisha ushindi wa uongo, na siku atakapocheza na wenzake wasio ndugu zake atashangaa kwamba dunia haimpishi.

Basi tumsaidieje aliye dhaifu bila kumdanganya? Jibu tunalolipendekeza ni hili: msaada uwe ndani ya sheria, mbele ya macho ya wote. Babu anaposhindana mbio na mjukuu kutoka mwembe hadi lango, humwambia, "Wewe anzia pale mbele." Mjukuu anajua amesogezwa. Akishinda, ameshinda mbio zilizokubaliwa. Akishindwa, alikuwa amekimbia kweli.

Zipo gemu za kisasa zilizotengenezwa kwa hekima ya namna hiyo. Mfano unaojulikana sana ni Mario Kart ya kampuni ya Nintendo ya Japani, mashindano ya vigari yaliyoanza mwaka 1992 na yanayochezwa hadi leo. Wachezaji wakiwa njiani wanagonga masanduku yenye zawadi. Aliye mbele kwa kawaida hupata kitu kidogo, kama ganda la ndizi la kumtelezesha anayemfuata. Aliye nyuma kabisa ndiye anayepata zawadi zenye nguvu za kumrudisha kwenye kundi. Hakuna siri; kila mchezaji anajua. Mtu wa mwisho anabaki na sababu ya kuendelea kushika pedi mpaka mwisho, na wa kwanza hawezi kusinzia.

Wanaokasirika na sheria hii siku zote ni wale hodari. "Si haki! Mimi nimefanya mazoezi, yeye anasaidiwa!" Msomaji wa Biblia hawezi kusikia malalamiko hayo bila kukumbuka vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, waliofanya kazi tangu asubuhi wakanung'unika kuona aliyefika saa ya kumi na moja akipokea dinari sawa na wao. Mwenye shamba hakupunguza ujira wa mtu yeyote. Kilichowaumiza ni kumwona mwingine akisimama karibu nao. Tusifanye gemu kuwa Injili. Mchezo ni mchezo. Lakini mtoto aliyezoea tangu sebuleni kuona aliye nyuma akiinuliwa, na kuendelea kucheza kwa furaha hata hivyo, atakuwa na mahali pa kuuwekea mfano huo siku atakapousikia kanisani.

Hata hivyo, tumtendee haki kijana wa miaka 15. Bidii yake ni kitu cha kweli. Kama kila mchezo wa nyumbani utapangwa ili asionekane hodari, tutakuwa tumemnyima naye pedi yake kwa njia nyingine. Baba aliyepisha baada ya kufungwa sita angeweza kubaki ameketi na kumtazama mwanawe akicheza, akamsifu kwa pasi nzuri kama anavyowasifu Coastal Union. Tena kijana angeweza kupewa heshima kubwa kuliko ushindi, yaani kumfundisha mama yake kitufe cha pasi. Katika 1 Wakorintho 12 Mtume Paulo anaandika kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa, na kwamba Mungu amekipa heshima zaidi kiungo kilichopungukiwa. Kiungo chenye nguvu hakikukatwa hapo. Kimepewa kazi.

Wengine mtasema: haya yote ya nini? Turudi kwenye michezo ya wazee wetu. Tunaipenda, lakini nayo ipimwe kwa kipimo kile kile. Bao la Kiswahili lenye mistari minne ya mashimo manane na kete 64 ni mchezo wa akili nyingi, na tungefurahi kuona vijana wakijifunza kunamua. Ila tukumbuke kwamba katika baraza zetu za pwani limekuwa zaidi mchezo wa wanaume, na dada zetu wengi walikua wakilipita njiani bila kuitwa. Mgeni anayekaa mbele ya fundi humaliza kete zake kabla hajaelewa kilichompata. Mdako, kinyume chake, unataka shimo dogo na vijiwe tu, na katika nyumba nyingi bibi atawashinda wajukuu wote, mradi magoti yamruhusu kukaa chini. Mchezo hauwi wa familia kwa sababu ni wa zamani, wala hauharibiki kwa sababu una waya.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia. Akina mama wanaposema "mimi nacheza mchezo", hawana maana ya gemu wala mdako. Wana maana ya upatu: kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na kila zamu anapokea mmoja. Anayepokea mwisho hakushindwa. Amewaamini wenzake kwa muda mrefu kuliko wote. Si bahati mbaya kwamba tumeliita jambo hilo mchezo. Ndani yake kuna zamu, kuna kungojana, na kuna hakika kwamba zamu yako itafika.

Hapo ndipo mpaka wa kamari unapoonekana. Siku hizi neno gemu limebeba vitu viwili visivyofanana, na mashine za kamari zimesogea karibu na maduka tunakowatuma watoto. Sheria ya Tanzania inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, na wazazi tuna wajibu wa kuisimamia hata pale ambapo mwenye mashine anafumba macho. Lakini zaidi ya sheria kuna sababu ya ndani. Katika upatu furaha yangu inakuja pamoja na yako kwa zamu. Katika kamari furaha yangu inataka mkate wako. Mchezo wa namna hiyo hauwezi kuwa wa nyumba moja, kwa kuwa waliomo hawali sahani moja.

Kwa anayekwenda dukani wiki hii, tuna machache ya kumwambia. Mashine mpya ya gemu ina bei inayozidi mshahara wa mwezi kwa wengi wetu, na hakuna anayelazimika kuinunua ili ampende mwanawe. Simu moja inaweza kutosha. Gemu ya Ludo King, iliyotoka India mwaka 2016, inaruhusu watu wanne kucheza kwenye simu moja wakipokezana, bila bando, na sheria zake bibi anazijua kwa sababu ludo ya karatasi imekaa katika nyumba zetu miaka mingi. Dadu haimjui profesa wala mtoto wa darasa la pili. Kwa wanaonunua gemu za runinga, angalieni namba iliyo kwenye kasha. Katika mfumo wa Ulaya huandikwa 3, 7, 12, 16 au 18, nayo ni umri unaofaa, si kiwango cha ugumu. Gemu nyingi hutufikia zimekwisha kuwekwa ndani ya mashine bila kasha lolote, kwa hiyo mwombeni muuzaji aifungue muione kabla ya kulipa. Chagueni inayoruhusu watu wanne kwa pamoja, inayoeleweka kwa dakika chache, na ambayo mtoto wa jirani yenu Mwislamu anaweza kuingia na kuicheza bila kitu cha kumwaibisha nyumbani kwao.

Lakini kabla ya bei na namba, fanyeni jambo moja. Mtajeni kwa jina yule atakayeinuka wa kwanza. Kila nyumba inamjua: bibi asiyeona vizuri, mtoto wa kufikia aliyeletwa juzi, shangazi anayeona aibu, binti anayeitwa jikoni kila mchezo unapoanza. Mkikubaliana mchezo ambao mtu huyo ataweza kuucheza kwa kweli, na kwa furaha, wengine wote watapata nafasi. Mkianza na aliye hodari, mtarudi kwenye banda.

Mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga aliandika mwaka 1938 kwamba watu humsamehe mdanganyifu katika mchezo kwa wepesi kuliko mvuruga mchezo, yule anayekataa kucheza kabisa. Yesu naye aliwataja watoto wa sokoni waliowapigia wenzao filimbi na wenzao wakakataa kucheza. Tunalolijifunza ni kwamba kabla ya kumwita mtu mvurugaji, tuulize kama aliwahi kupewa pedi iliyounganishwa. Wengine waliacha kucheza kwa sababu waliufuata waya.

Na hapa swali linatoka sebuleni na kuingia kanisani. Tuna kamati ambamo kijana amewekwa ili kuwe na kijana, na kila uamuzi umekwisha kufanywa kabla hajaketi. Tuna akina mama wanaoombwa maoni baada ya mchango kupangwa. Tuna ndugu wenye ulemavu wanaokaribishwa mbele siku ya picha. Wanabonyeza vitufe, runinga inaonyesha mchezo, na sisi tunafurahi kwamba wote wamo. Sikukuu hii, tutakapokuwa tumekaa kwenye mkeka na watoto wetu, tuwape wote pedi zinazofanya kazi. Kisha Januari tukikutana kwenye kamati zetu, tuziangalie nyaya.